Sola ya Shambani: Omba Ruzuku Kabla ya Kununua

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba na kisima katika shamba lililo mbali na nguzo za umeme, nami nataka kufunga sola ya kuendesha pampu, jokofu, taa na televisheni. Fundi mmoja alilitazama paa, akanitajia ukubwa wa mtambo na bei kabla hata ya kuniuliza nina vyombo gani. Nasikia pia kwamba zipo ruzuku na mikopo nafuu kwa wakazi wa vijijini. Nianzie wapi, na je, nikinunua vifaa sasa nitarudishiwa sehemu ya gharama baadaye?

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukupotezea fedha. Usilipe wala kutia sahihi mkataba wowote kabla hujaomba. Ruzuku nyingi hutolewa kwa mradi ambao bado haujaanza, na mwombaji aliyekwisha kununua vifaa huambiwa kwamba ameonyesha kuwa anajiweza. Unafuu wa kodi una taratibu mbili: ama ushuru wa vifaa huondolewa tangu vinapoingizwa nchini, na hapo nafuu inapaswa kuonekana katika bei ya dukani, ama unaudai mwenyewe kwa stakabadhi unapowasilisha hesabu zako za kodi. Ulizia kwenye mamlaka ya kodi, kwa wakala wa nishati vijijini na katika chama chako cha akiba na mikopo, lakini usiisahau ofisi ya kilimo. Pampu ya kumwagilia ni zana ya shamba, na mifuko ya wakulima huweza kuigharimia hata pale ambapo mifuko ya nishati haina nafasi.

Kote huko utaombwa hati ya umiliki wa ardhi au ya upangaji, ankara za awali kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, na hesabu ya matumizi. Hesabu hiyo ndiyo aliyoiruka fundi wako, na bila hiyo ukubwa aliokutajia ni kubahatisha tu.

Tufanye mfano. Pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa 2 hutumia wati-saa 1,500; jokofu tuseme 1,000 kwa siku; taa 6 za wati 9 kwa saa 5 ni 270; televisheni ya wati 60 kwa saa 4 ni 240. Jumla ni 3,010, yaani uniti 3 hivi kwa siku, maana uniti moja ni wati-saa 1,000. Kwa kuwa takriban robo ya umeme hupotea kwa joto na katika nyaya, betri na inveta (kifaa kinachoubadili umeme wa paneli na betri uweze kuendesha vyombo vya nyumbani), paneli zinapaswa kuzalisha uniti 4. Ikiwa katika mwezi wenye mawingu mengi unapata jua kamili la saa 4 tu, yaani mwanga wa siku nzima ukijumlishwa ni sawa na saa 4 za jua kali, utahitaji paneli za jumla ya wati 1,000, na paneli 3 za wati 400 zitatosha.

Sasa angalia jambo linalowapita wengi: nusu ya matumizi hayo ni pampu. Ukiiendesha mchana na kujaza tangi lililoinuliwa, maji yenyewe yanakuwa akiba yako, na betri inabaki na mzigo wa uniti moja na nusu tu. Betri ya asidi isitumiwe kupita nusu ya uwezo wake, hivyo utahitaji ya uniti 3; ya lithiamu huvumilia hadi asilimia 80, hivyo ya uniti 2 inatosha. Inveta nayo ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba pampu inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake.

Kabla ya kukubali paa, simama hapo saa tatu asubuhi na tena saa tisa alasiri uone kivuli cha miti kinaangukia wapi. Paneli zilizoungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, huweza kudhoofika zote hata tawi moja likifunika kona ya mojawapo. Nyumba ya kijijini ina uwanja, basi ni afadhali fremu ya chini iliyo juani kuliko paa lenye kivuli.

Ukipata mkopo, muda wa kulipa usizidi ule wa dhamana (waranti) ya betri, maana paneli hudumu miaka 25 au zaidi lakini betri huchoka mapema, nami nisingependa ununue ya pili huku bado unailipia ya kwanza. Dhamana hiyo iandikwe kwa jina lako pamoja na namba za vifaa.