Unataka kuwakalisha wasomi wa Kongo na Rwanda meza moja? Usianze na M23

Juzi kijana mmoja wa uzamivu kaniandikia inboksi, "Shikamoo Mwalimu, nataka kuandaa mdahalo wa wasomi wa Kongo na Rwanda kuhusu usalama, nianzie wapi?" Marahaba mwanangu, na hongera, maana humu wote tunalitamani hilohilo.

Usianze na M23. Narudia, usianze na M23, wale waasi wa mashariki mwa Kongo wanaodaiwa kuungwa mkono na Rwanda. Ukiiweka asubuhi, mpaka chai ya saa nne kila mtu keshasoma msimamo wa serikali yake na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Mimi kikao changu pale Arusha nilianza na Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa nchi hizo mbili, wakanicheka, eti usalama gani wa maji. Kumbe kwenye maji ya chini ya lile ziwa kuna kama kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dayoksaidi, na Ziwa Nyos kule Kameruni, ambalo ni dogo tu, mwaka 1986 lilitema gesi likaua watu karibu 1,700. Kivu ikifanya hivyo haitauliza nani wa Goma, Kongo, nani wa Gisenyi, Rwanda.

Nikatandaza ramani. Mtaalamu wa volkano kutoka Goma na mhandisi kutoka Kigali, ambao tangu asubuhi hata salamu hawajapeana, wakainama pamoja, huyu anasimulia volkano ya Nyiragongo ilivyolipuka Mei 2021 watu wakavuka mpaka usiku kwa miguu, yule anasema shangazi yake Gisenyi alilaza sebuleni familia asiyoijua. Hapo wakaanza kubishana kweli, ardhi ikitetemeka nani anampigia nani simu na kwa idhini ya nani, mpaka wapishi wakaja kudai sahani. Habari za wanajeshi mpakani walizileta wenyewe jioni, mimi sikuziita.

Na hili sijalibuni mimi. Mwaka 1957 wanasayansi wa Marekani na Usovieti walikutana Pugwash, kijiji cha Kanada, kila mtu kwa nafsi yake bila kutumwa na serikali, na mazungumzo yao yalisaidia kuandaa njia ya mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya nyuklia angani. 1995 wakapewa Nobeli ya Amani.

Kwa hiyo vibendera vya mezani toa, waandishi wa habari wasiingie, ongeeni Kiswahili kila mnapoweza, posho iwe sawa kwa profesa na kwa mwanafunzi. Na ripoti andika majina ya walioifanyia kazi! Ile yangu niliikeshea, mkubwa mmoja akaenda kuisoma Ulaya, mimi hata kwenye shukrani simo. Miaka imepita bado inaniuma, na nikimwona kwenye runinga nazima.

Ila jamani wasomi tubadilike. Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini mkataba wa amani Washington, sisi wenye vyuo hapahapa mpakani tunaangalia kwenye simu kama mechi. Nani katukataza kualikana? Tuache kusubiri mfadhili, tuache kuogopana, jirani ni wako, muite, msikilize hata akikuudhi, kesho muite tena.

Kijana, bajeti nitumie niipitie. Nikikuta humo fulana na mabango, nakurudishia.