Mwizi Alifanya Nini: ‘Grab’, ‘Snatch’ au ‘Seize’?

SWALI: Katika insha yangu ya Kiingereza niliandika kwamba mwizi ‘grasped’ mkoba wangu stendi ya mabasi akatoweka. Mwalimu alilipiga neno hilo mstari mwekundu bila kunieleza kosa. Kamusi ndogo niliyo nayo inafasiri ‘grasp’, ‘grab’, ‘snatch’ na ‘seize’ kwa maneno yale yale: kushika, kukamata, kunyakua. Yanatofautianaje? — Msomaji, Tanga.

JIBU: Mwalimu wako alikuwa sahihi kulikata neno hilo, ingawa ulistahili kuelezwa sababu. ‘Grasp’ ni kufumbata kitu barabara kisiponyoke, kama afanyavyo mtu anayevuka daraja la kamba, na halisemi kwamba kitu kiliondolewa mahali pake. Waingereza hulitumia pia kwa maana ya kuelewa, kama sisi tunavyosema kwamba mwanafunzi ameshika somo.

‘Grab’ lina ghafla na ukali ndani yake, lakini nalo halilazimu kitu kuhama: mtu akikukamata mkono kwa nguvu, Mwingereza atatumia ‘grab’, na mkono ungali wako. Katika mazungumzo limelegea sana. Rafiki akikwambia ‘let’s grab a coffee’, anakualika mkanywe kahawa haraka, wala hakuna wa kunyang’anywa, kwa hiyo mfasiri anayeandika “tunyakue kahawa” anampotosha msomaji wake.

Neno ulilolihitaji ni ‘snatch’. Hapo mna wepesi na kuondoka na kitu kwa pamoja, kama mwewe anavyomchukua kifaranga mbele ya mama yake, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa mikononi mwa mwingine. Ungeandika ‘The thief snatched my bag’ usingekatwa alama.

‘Seize’ ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu limebeba historia. Lilitoka Kifaransa cha kale na kuingia Uingereza kufuatia uvamizi wa Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wa mwaka 1066, na katika sheria za ardhi za wakati huo lilihusu kumkabidhi mtu milki, yaani kumpa shamba, wala si kumpora. Harufu ya mamlaka haijalitoka hadi leo: maofisa wa forodha wanapokamata shehena ya magendo, au wanajeshi wanapotwaa madaraka, magazeti ya Kiingereza huandika ‘seize’. Kibaka wa stendi hafikii uzito huo. Hata hivyo, neno hilo hilo hutumika kwa fursa, na hapo Kiswahili kina tafsiri nzuri kuliko zote, nayo ni kuichangamkia. Uangalie pia tahajia yake, kwani ‘e’ hutangulia ‘i’, kinyume na kanuni ambayo wengi tulikaririshwa shuleni.

Limebaki jambo moja linalowakwaza wazungumzaji wa Kiswahili hata baada ya kulipata neno sahihi. Sisi husema “alinipokonya simu”, tukimtaja aliyeumizwa ndani ya kitenzi chenyewe, na kwa mazoea hayo wengi huandika ‘he snatched me my phone’. Kiingereza hakikubali. Aliyeporwa hutajwa baada ya ‘from’, yaani ‘he snatched the phone from me’, au huonekana kwa umiliki tu: ‘he snatched my phone’.