Nyumba ya ufukweni: nenda kaitazame siku ya bamvua

Nyumba yangu ya kwanza ya ufukweni niliipenda saa kumi jioni, kiangazi, maji yamekupwa mpaka miamba inaonekana. Dalali alifungua dirisha la sebuleni, upepo ukaingia, na moyoni nikawa nimekwisha nunua. Mkopo na sahihi vilifuata baadaye. Nilikaa humo miaka saba. Nilipoiuza nilipata pungufu ya nilichotoa, ilhali jirani yangu wa mtaa wa tatu nyuma, mwenye nyumba ya kawaida ambayo huioni bahari mpaka upande juu ya paa, aliuza yake mwaka uleule kwa faida nzuri.

Watu huniuliza kama mji wa pwani ni mahali pazuri pa kuweka akiba ya maisha katika nyumba. Wengi wanauliza wakiwa wamekwisha lipenda dirisha. Kwa hiyo naomba nikueleze nilichojifunza, maana kilinigharimu miaka saba: usiulize nyumba ina thamani gani kwako, uliza ni nani ataweza kuinunua siku utakapotaka kuondoka.

Nianze na bei yenyewe. Katika mji mdogo wa pwani nyumba zinazouzwa kwa mwaka ni chache. Akija mgeni mmoja mwenye fedha nyingi na haraka nyingi, akalipa bila kupatana, mwezi unaofuata kila mwenye nyumba amepandisha yake. Ndiyo maana bei zinazotangazwa pwani hupanda upesi na kushuka polepole: muuzaji hukaa na bei yake msimu mzima, hata misimu miwili, akimngoja mgeni wa aina ile. Mimi nililinganisha bei niliyotajiwa na bei nyingine zilizotangazwa, nikaiona nafuu. Nilipaswa kuilinganisha na bei ambazo nyumba ziliuzwa kweli. Zipo nchi ambako hilo ni rahisi: England na Wales, kumbukumbu za bei halisi za mauzo tangu 1995 ziko wazi kwa yeyote. Kwingine itakubidi umlipe mthamini wako mwenyewe, asiyetumwa na muuzaji wala dalali. Mlipe. Na uulize nyumba imekaa sokoni muda gani, kisha umuulize jirani swali hilohilo.

Sasa chumvi, ambayo sikuipa uzito hata kidogo. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na si lazima yakuguse ndipo yakudhuru. Manyunyu ya mawimbi hubebwa na upepo na kutua juu ya kila kitu. Bawaba za madirisha zilianza kuota kutu mwaka wa pili. Mwaka wa nne niliona ufa mwembamba chini ya roshani, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nikaita fundi wa rangi, akauziba, akapaka, ukapendeza. Mwaka wa sita kipande cha zege kikaanguka, na ndani yake nondo ilikuwa imevimba kama mzizi.

Fundi wa pili, aliyejua kazi yake, ndiye aliyenieleza. Zege zuri huilinda nondo isipate kutu. Chumvi ikipenya taratibu mpaka kuifikia, ulinzi ule huvunjika, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa: mara mbili, hata zaidi. Kutu inapokosa pa kwenda hulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo ufa ulionyooka kuifuata nondo haumhusu fundi wa rangi. Ukiuona katika nyumba unayotaka kununua, simamisha mazungumzo ya bei mpaka mhandisi aje. Nyumba iliyopakwa rangi mpya wiki moja kabla ya kuoneshwa iangalie kwa makini maradufu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Gonga chini ya roshani na chini ya ngazi, usikilize kama pana sauti ya uwazi. Tazama skrubu, bomba za nje, miguu ya tangi la maji. Hata chuma kinachoitwa cha pua, kile kisichoota kutu upesi, kina daraja zake: daraja 304 huota madoa ya kutu upesi karibu na bahari, 316 huvumilia zaidi.

Na kama unachonunua ni chumba katika jengo la ghorofa, hesabu ya jengo zima inakuhusu. Juni 2021, katika mji wa pwani wa Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 liliporomoka kwa sehemu usiku na kuua watu 98. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo ikataka majengo ya zamani yenye ghorofa tatu au zaidi yakaguliwe na wamiliki waweke akiba ya matengenezo makubwa. Michango ya kila mwezi ikapanda, na bei za vyumba katika majengo mengi ya zamani zikashuka. Omba kuona mfuko wa matengenezo wa jengo kabla ya kuomba kuona jikoni.

Halafu maji. Siku niliyoiona nyumba ile, bahari ilikuwa mbali. Siku ya kwanza ya bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tena yenye upepo mkali, ilikuwa getini. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi linasema wastani wa kina cha bahari duniani ulipanda sentimita 20 hivi kati ya 1901 na 2018, na kasi inaongezeka. Sentimita 20 hazitishi ukizitazama kwenye rula. Ziongeze juu ya bamvua na dhoruba uone zinavyofika mlango wa mtu. Katika kijiji cha Rodanthe, North Carolina, nyumba zaidi ya kumi zimeanguka baharini tangu 2020. Soko nalo linaanza kuhesabu: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulikuta nyumba zilizo katika hatari ya kufikiwa na bahari inayopanda zinauzwa kwa takriban asilimia 7 chini ya nyumba zinazofanana nazo, zilizo umbali uleule kutoka ufukweni, ila zisizo na hatari hiyo.

Lakini kilichoishusha nyumba yangu hakikuwa maji yenyewe. Ilikuwa bima. Mkopo wa nyumba huweza kuwa wa miaka ishirini au zaidi, bima huhuishwa kila mwaka. Kampuni yangu iliongeza ada mara tatu mfululizo, kisha ikakataa kuendelea. Mnunuzi wa kwanza alikuwa tayari, tumekubaliana bei, benki yake ikataka bima, bima haikupatikana, akaondoka. Wa pili vilevile. Wakabaki wenye fedha taslimu, ambao ni wachache na wanajua kwamba ni wachache. Kabla hujaweka sahihi, tafuta bima ya nyumba ile kwa jina lako, na umuulize muuzaji amelipa kiasi gani kwa miaka mitano iliyopita.

Kuhusu kukodisha kwa watalii nitasema kidogo. Hesabu ya dalali huanza na wiki zilizojaa. Wewe anza na miezi mitupu. Na kumbuka kwamba ruhusa yenyewe hutolewa na watu. Wakazi wa St Ives, Uingereza, walipiga kura 2016 kuzuia nyumba mpya kuuzwa kama makazi ya pili. Barcelona ilitangaza 2024 kwamba leseni za vyumba zaidi ya 10,000 vya watalii hazitahuishwa zikiisha 2028. Binafsi nawaelewa. Nimekaa katika mtaa ambao taa nne tu huwaka nje ya msimu, nikaona duka la dawa likifunga na mwalimu wa shule akihama kwa kukosa pa kupanga. Mji usio na mwalimu wala muuguzi hauwezi kushikilia bei ya nyumba zake kwa muda mrefu, hata bahari yake iwe nzuri namna gani.

Sasa naishi mitaa minne kutoka ufukweni, juu ya kilima kidogo, katika nyumba niliyoiona mara tatu: asubuhi, usiku wa mvua, na siku ya bamvua. Mwaka jana mpwa wangu na mkewe walipata nyumba ya mstari wa mbele, wakaniomba niende nao. Niliwaomba wasubiri mpaka mwezi uandame, maji yawe ya bamvua. Tulifika maji yakijaa. Tulisimama getini bila kusema mengi, kisha mpwa wangu akainama, akaugusa ukuta mahali rangi ilipobadilika, kwenye usawa wa goti, akampigia dalali simu kumuuliza kuhusu bima.