Fedha za kutunza picha: anza na picha moja

Msichana mmoja anayesimamia stoo ya jumba la sanaa la umma ameniandikia. Picha zao zinaota ukungu, mkuu wake amemwambia fungu hakuna, na anataka kujua mimi fedha za kutibu picha ya jumba letu nilizipata wapi. Mdogo wangu, nakujibu hapa hadharani kwa sababu tuko wengi tunaokosa usingizi kwa ajili ya picha zisizo zetu.

Fedha zetu zilitoka kwa watu wa kawaida, baada ya wakubwa kutukatalia.

Picha iliyonifanya nihangaike ilikuwa ya mtindo wa Tingatinga, ya zamani, ya mraba, kwenye hadibodi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Ndivyo vifaa alivyovimudu. Alifariki mwaka 1972 na vijana aliowafundisha wakaendelea. Yetu ilikuwa ya mmoja wa vijana hao. Sasa, hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na hewa ya pwani ina unyevu karibu mwaka mzima. Ubao unaunyonya kupitia kingo na mgongo usiopakwa kitu, unavimba, unapinda. Rangi ya juu ilishakauka miaka mingi na kuwa ngumu kama kioo, haiwezi kupinda nao. Inapasuka, kisha inabanduka. Kona ya chini ya picha yetu, penye miguu ya ndege, ilikuwa imeanza kuachia.

Nilipeleka andiko la kuomba fedha kwa kampuni moja kubwa. Hao hao walikuwa wamegharamia ufunguzi wa maonyesho yetu: mahema, chakula, mabango yenye nembo yao kila ukuta. Niliomba sehemu ndogo tu ya gharama ile. Afisa akaniuliza uzinduzi utakuwa lini na mgeni rasmi ni nani. Nikamwambia uzinduzi hakuna, picha itatibiwa kisha irudi ukutani. Baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa. Mpaka leo nikiona bango lao roho inaniuma, na sifichi.

Vikao vilivyofuata sitavisimulia, vinachosha. Kilichotuvusha ni kwamba niliacha kuomba fedha za "mkusanyiko" mzima nikaomba za picha ile moja. Niliipiga picha mbele, nyuma na kingoni, kisha usiku nikazima taa na kuimulika kwa tochi kutoka ubavuni, ili kila mpasuko uonyeshe kivuli chake. Mtaalamu wa uhifadhi akaandika ripoti ya hali yake na makadirio: gundi laini ya kupenyezwa chini ya rangi iliyoachia, kunyoosha ubao polepole, fremu yenye kioo na kizuizi cha unyevu mgongoni. Karatasi hizo nikazipeleka kwa watu. Mwalimu mstaafu wa sanaa alikuwa wa kwanza kutoa. Mfanyabiashara wa mbao na vioo Kariakoo hakutoa shilingi, alitoa kioo na mbao za fremu, na kwa kweli hilo lilipunguza gharama kuliko mchango wowote. Wazazi waliowahi kuleta watoto kwenye madarasa yetu ya Jumamosi wakatuma walichonacho kwa simu. Picha ipo ukutani leo, na ndege yule ana miguu yote miwili. Ninajivunia kazi ile kuliko maonyesho yoyote niliyoandaa.

Usidhani kuchangisha hivi ni dalili ya umaskini. Louvre, jumba kubwa la sanaa la Paris, ilipotaka kutengeneza sanamu ya kale ya Kigiriki iitwayo Ushindi wa Samothrace na ngazi zake mwaka 2013, iliomba wananchi wachangie yuro milioni 1 kati ya takriban milioni 4 zilizohitajika, na maelfu ya watu wakachangia. Kama jumba lile linanyoosha mkono, wewe unaona haya ya nini?

Mifuko mikubwa ipo pia. Bank of America ilianzisha mwaka 2010 mpango wa kugharamia matibabu ya kazi za sanaa kwenye majumba ya nchi mbalimbali. British Council, shirika la utamaduni la Uingereza, lilianzisha Mfuko wa Ulinzi wa Utamaduni mwaka 2016, ambao umefika Afrika Mashariki. Mfuko wa mabalozi wa Marekani, ulioanzishwa 2001, ulisaidia magofu ya Kilwa. Soma masharti ya mwaka unaoomba kabla hujaandika neno, maana hubadilika. Na wote hawa watakuuliza swali lilelile: picha ipi, ina tatizo gani, nani ataitibu, kwa kiasi gani? Ukiwa na ripoti ya picha moja, tayari unaweza kujibu.

Ndugu zangu, tumezoea kushangilia kufungua na hatujui kutunza. Tunakata utepe, tunapiga picha na waziri, halafu stoo inavuja. Msanii aliyetuachia kazi yake hakutuachia mapambo ya sherehe. Tukiiacha ioze, watoto wetu wataiona kwenye vitabu vya wageni, na hatutakuwa na la kuwajibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nunua kipimo cha joto na unyevu, ni bei ndogo. Andika namba asubuhi na jioni kwenye daftari. Ukungu huota pale unyevu wa hewani unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70, na daftari lenye namba hizo litamshawishi mkuu wako kuliko machozi. Picha zenye ukungu zitenge na nyingine, usizifute kwa kitambaa chenye maji, na fundi yeyote atakayejitolea kupaka rangi juu ya rangi mkatalie hata akiwa ndugu yako. Kisha chagua moja. Chagua ambayo wageni huulizia, hata kama si ya thamani kubwa, kwa sababu anayeifahamu ndiye atakayetoa. Na kwenye makadirio ongeza mstari wa kukaguliwa tena kila mwaka. Mfadhili akitaka kuufuta mstari huo, mpigie simu, umweleze, usikubali kwa barua.