Msiwazimie Watu Apdeti

Wadogo zangu wa field, jana nimepita nyuma ya meza yenu nikakuta mashine tatu zinapigwa Windows 10, na kila ikimaliza, kazi ya kwanza ni kuingia Services kuzima apdeti. Nikauliza kwa nini. "Zinakula bando, kaka." Jibu hilohilo nililitoa mimi mwaka 2017. Kwa hiyo kaeni kidogo.

1. Jueni tarehe. XP iliachwa 8 Aprili 2014, Windows 7 ikaachwa 14 Januari 2020, Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haigomi kuwaka siku hiyo. Itawaka, itafungua Excel, itachapa risiti, ndiyo maana mteja hawaamini. Kinachokoma ni viraka vya usalama: tundu likigunduliwa leo, linabaki wazi. Anayebaki na Windows 10 msajilini ESU, ile huduma ya nyongeza ya viraka vya usalama, nayo bila apdeti haifiki.

2. Msizime apdeti. Nilikuwa nahudumia duka moja la dawa za jumla, kompyuta mbili za Windows 7, ya mauzo na ya mhasibu, zimeunganishwa kwa kebo. Mwenye duka, mama aliyenipa chai kabla hajaniambia tatizo, alilalamika bando halifiki mwisho wa wiki. Januari nikazima apdeti zote mbili. Bando likadumu, akanisifu, nikafurahi sana. Tarehe 14 Machi Microsoft ikatoa kiraka cha tundu la SMB, njia ambayo kompyuta za Windows hushirikishana mafaili kwenye mtandao. Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa, kiraka kilikuwa haki yake, na bure. Pale dukani hakikufika. Ijumaa ya 12 Mei WannaCry, kirusi kinachopita kwenye tundu hilo, kikafunga mafaili na kudai pesa, ikaanza kuzunguka dunia.

Jumatatu asubuhi mama akapiga simu: "Mwanangu, kuna dirisha jekundu hapa, linataka dola 300." Nilipofika, kila faili lina WNCRY mkiani. Nikamwambia asiogope, bakapu ipo. Ile hadi diski ya nje niliichomeka mwenyewe Desemba na sikuwahi kuichomoa. Nayo ilikuwa imefungwa yote. Madeni ya wateja ya miaka mitatu yalikuwa humo.

Hakupaza sauti. Alichukua daftari la kaunta akaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja, akiwauliza wao wenyewe wanadaiwa kiasi gani. Wengine walisema kweli. Wengine walisema wameshalipa, naye hakuwa na cha kuwaonyesha. Nilikaa naye siku nne nikiandika majibu. Siku ya tatu ndipo nilipomwambia kwamba apdeti nilizima mimi. Zile siku mbili za kukaa kimya, huku akinimiminia chai, zinaniuma kuliko mafaili.

Bando likiwa tatizo, leteni mashine hapa kila mwezi baada ya Jumanne ya pili, siku Microsoft inapotoa viraka, tuzipakulie kwa Wi-Fi ya ofisi.

3. Bakapu ikikamilika, chomoeni.

4. Mashine si mbovu. Windows 11 inataka TPM 2.0, kichipu cha usalama, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu. Core i5 ya kizazi cha 6, mtumba wa Ulaya, RAM 8, kioo safi, mtu ameilipia kwa mkopo wa kikoba, halafu aambiwe imepitwa na wakati kwa sababu ya kichipu! Linanikera hilo, na msikubali kulirudia mbele ya mteja kana kwamba mashine imekufa. Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya Windows, itawarukisha masharti, ila Microsoft haiahidi apdeti kwa mashine iliyorukishwa. Mwenyewe aambiwe kabla hamjagusa kitu. Kama kazi yake ni kuandika na kuingia intaneti, Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, inamtosha.

Ile Dell ya mwalimu iliyo mwisho wa meza anatungia mitihani tu, na printa yake inakubali Linux, nimeshaijaribu. Flashi ya Mint iko droo ya juu. Anzeni na hiyo leo, ila nakilini kwanza mafaili yake, mfungue matatu au manne kwenye mashine nyingine mhakikishe yanasomeka, ndipo mniite.