Uliza Tukujibu: Tumbo la Mwigizaji Ugenini Arusha na Moshi

Toleo hili tumewaachia watu wa jukwaani. Barua zimetoka kwa waigizaji wanaozunguka na michezo yao kanda ya kaskazini, na ukizichuja, nyingi zinauliza jambo moja: huku tule nini, na saa ngapi? Tunaanza na yenye shida kubwa.

SWALI: Tuko saba, tumetoka Dar es Salaam kwa maonyesho ya wiki nzima Arusha. Onyesho linaanza saa moja usiku, ukumbini tunatoka saa nne. Hapo ndipo tunapokwenda kula nyama choma na chipsi, na saa sita tumelala. Asubuhi watatu kati yetu sauti hazitoki. Wenzangu wanasema ni baridi ya Mlima Meru. Ni kweli? (Dada wa Tabata)

JIBU: Baridi inasingiziwa, dada. Kweli Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake unamtesa mtu wa pwani. Lakini baridi ingekuwa ndiyo chanzo, mngekuwa na mafua na makamasi, na sauti ingekuwa mbovu kutwa. Sauti inayokwaruza asubuhi, ikafunguka yenyewe kufika saa sita mchana, huku mtu akikohoakohoa kusafisha koo na kuhisi uchungu mdomoni, mara nyingi inatokana na tindikali ya tumbo. Nyama yenye mafuta na chipsi hukaa tumboni muda mrefu. Ukilala kabla hazijashuka, tindikali inapanda hadi kooni na kuunguza sehemu ileile inayotoa sauti. Wengine hawasikii hata kiungulia, wanaona sauti tu imekwenda.

Dawa yake ni kugeuza ratiba ya kula, na bahati nzuri mji wenyewe unawasaidia. Arusha watu wanaamka na supu. Kuanzia saa moja asubuhi utapata supu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya utumbo au ya makongoro, pamoja na chapati au ndizi. Hiyo inawafaa mnaoamka saa tatu. Mlo mkubwa uwe saa saba au saa nane mchana kwa mama lishe. Kando ya Soko la Kilombero na Soko Kuu hamtakosa. Msichelewe. Chakula kinakuwa kizuri saa sita na nusu hadi saa nane, na kufika saa tisa unaopoa mabaki yaliyokauka kwenye sufuria, kisha unaondoka ukisema Arusha hawajui kupika.

Ulizeni machalari, yaani ndizi za kupika zilizoungwa na nyama, na kiburu, ambazo ni ndizi na maharage. Mboga ya mnafu ina uchungu kidogo, ila kwa ugali haina mpinzani. Loshoro ni ya Wamaasai na Waarusha: mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa hadi yakalainika, yakachanganywa na maziwa mgando. Inashibisha kweli, na kwa sababu hiyohiyo tumbo lisiloizoea litajaa gesi. Ionjeni siku ambayo hamna onyesho.

Saa kumi na moja jioni kula kidogo tu: ndizi mbivu mbili, au kipande cha chapati na chai isiyo na maziwa mengi. Maziwa hayatengenezi makohozi kama wengi wanavyoamini, lakini yanayafanya mate yawe mazito, na mwigizaji anaanza kusafisha koo katikati ya maneno yake. Baada ya onyesho kunywa bakuli la uji wa ulezi au mtori (supu ya ndizi za kupondwa na nyama) mwepesi, kisha pitisha saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mito miwili haisaidii kitu, inakunja tumbo tu. Kunja blanketi nene, uliweke chini ya godoro upande wa kichwa ili mwili mzima uinamie miguuni. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu hata baada ya hayo, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nyama choma hatukatazi, tungeanzia wapi hapa Arusha? Iwekeni siku ya mapumziko, mchana. Chagueni kipande wenyewe buchani na mkione kikipimwa kibichi, kwa maana kilo iliyoingia jikoni hairudi kilo mezani, na ugomvi mwingi wa bili unaanzia hapo. Mbuzi aliyechomwa kwa moto wa taratibu huchukua dakika 45 hadi saa nzima. Akiletwa baada ya dakika 20, ama alichemshwa kwanza ama ndani bado mbichi.

SWALI: Mimi ni meneja wa kikundi. Posho ni ndogo, na nyumba ya wageni tuliyofikia ina jiko la gesi uani. Nataka kupika mtori wa watu sita wa kula baada ya onyesho. Nimejaribu, ukawa mtamu kama uji wa sukari, una mabonge, na nyama ilikuwa ngumu kama kandambili. Nilikosea wapi? (Kaka wa Mwananyamala)

JIBU: Makosa ni matatu, kila moja lina chanzo chake.

Utamu umetoka kwenye ndizi. Uliuziwa zilizoanza kuiva, au aina isiyo ya kupika. Sokoni taja jina: mshare. Ziwe za kijani kabisa, zikivunjwa zitoe utomvu. Mzuzu mwachie mkaangaji. Ndizi ikiwa na doa la njano tu, wanga wake umeshaanza kugeuka sukari, na huwezi kuurudisha kwa chumvi.

Nyama ngumu imetokana na mwinuko. Dar es Salaam maji yanachemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, Arusha yanachemka kwenye 95 hivi. Sufuria inatokota vizuri machoni, lakini ndani joto ni dogo, na nyama uliyozoea kuivisha kwa saa moja na nusu itadai saa mbili na zaidi. Maharage na makande vilevile. Funika sufuria na uweke jiwe juu ya mfuniko, au azima sufuria ya presha.

Mabonge yametokea kwa kuponda ndizi zilizopoa, au kuziponda na nyama ikiwa humohumo.

Kwa watu sita chukua nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo moja, ndizi mshare za wastani 15, vitunguu viwili, karoti mbili, nyanya mbili, maziwa fresh robo lita na chumvi. Chemsha nyama kwa lita tatu za maji mchana, kabla ya kwenda ukumbini, hadi ijiachie mfupani. Itoe, ichambue vipande vidogo, tupa mifupa. Supu ibaki kama lita mbili. Ikipungua ongeza maji ya moto, si ya baridi.

Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, maana utomvu wa mshare haung'oki kwenye kucha wala kwenye nguo (na mwigizaji wako ana tukio la bibi harusi kesho). Kila ndizi uliyomenya itumbukize kwenye maji yenye chumvi kidogo isiwe nyeusi. Zikate, zitie kwenye supu pamoja na vitunguu, karoti na nyanya, zichemke dakika 30 hadi 40. Utajua zimeiva zikivunjika kwa kubonyezwa na mwiko. Hapo hapo, zikiwa bado za moto sana, ziponde kwa kipekecho au mwiko wa bapa ukibanisha na ukuta wa sufuria. Mabonge yakiisha ndipo urudishe nyama. Punguza moto, mimina maziwa huku ukikoroga, dakika tano, epua. Anayetaka ndimu ajikamulie kwenye bakuli lake. Ukiitia kwenye sufuria maziwa yatakatika.

Mtori unaganda ukipoa. Mkirudi saa nne usiku mtaukuta umesimama kama ugali, msishtuke. Ongezeni vikombe viwili vya maji ya moto, na mkoroge kutoka chini kwa moto mdogo, kwa sababu unashika haraka.

Na hili msilichukulie mzaha: usiku wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto, wakafunga dirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Omba blanketi la pili.

SWALI: Tunakwenda Moshi wiki ijayo. Nimesikia sifa za mbege. Nikinywa kikombe kimoja mchana, usiku nitaigiza vizuri? (Mwigizaji wa Dodoma)

JIBU: Utaigiza ukicheua. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikaunganishwa na kimea cha ulezi, na magome ya mti wa msesewe yakatiwa kuleta uchungu. Inapofika kwako bado inachacha, na inaendelea kuchacha tumboni. Ionje baada ya onyesho la mwisho, ukiwa umekula, na uulize imeungwa lini: ya siku ya kwanza ni tamu, ya kesho yake ni kali.

SWALI: Wenyeji wengi wa Arusha na Moshi wana meno ya kahawia. Tutakaa miezi miwili na nina mtoto wa miaka miwili. Maji yatatuharibu? Nimeambiwa nichemshe. (Mama Neema, Morogoro)

JIBU: Wewe hapana, mtoto ndiyo wa kuangaliwa. Rangi hiyo inaletwa na madini ya floraidi, ambayo ni mengi katika chemchemi na visima vingi vinavyozunguka Mlima Meru kwa sababu miamba yake ni ya volkano. Floraidi inaathiri jino linapojengeka ndani ya fizi, yaani utotoni hadi kwenye miaka minane hivi. Jino la mtu mzima limeshakamilika, halitabadilika kwa miezi miwili.

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale na kuwa nyingi zaidi katika kila kikombe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa mtoto tumia maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha kiwango hicho au pungufu, au maji safi ya mvua, na usisahau kwamba uji na chai vinapikwa kwa maji hayohayo.

Kitu wageni wasichokijua ni magadi. Huku yanatiwa kwenye makande na maharage ili yalainike upesi (mmeshaona hapo juu kwa nini vyakula hivyo ni vigumu kuiva), na hata kwenye ngararimo, ndizi zinazopikwa kwa magadi. Baadhi ya magadi ya kanda hii yana floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Chakula cha mtoto kipike bila magadi: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha upya kwa maji mengine.

SWALI: Tunacheza Arusha Ijumaa na Moshi Jumamosi. Tunaweza kusafiri siku hiyohiyo ya Jumamosi? Na vibali ni vilevile? (Katibu wa kikundi, Mbezi)

JIBU: Safari ni kama kilomita 80, Coaster inachukua saa moja na nusu hadi mbili, na zaidi pakiwa na foleni Usa River au askari wengi njiani. Ondokeni saa nne asubuhi, si baada ya chakula cha mchana. Moshi iko chini kuliko Arusha kwa zaidi ya mita 500 na joto lake ni jingine kabisa. Mtori uliolala salama Arusha mwezi wa Julai unaweza kuchacha Moshi kabla ya jioni, kwa hiyo msibebe viporo. Pikeni au nunueni upya, Soko la Mbuyuni lina ndizi za kutosha. Maleba (mavazi ya jukwaani) mazito mliyoyashukuru Arusha yatawatoa jasho chini ya taa, na mekapu itayeyuka. Chukueni poda ya ziada na fulana za pamba za kuvaa ndani.

Kuhusu vibali, Arusha ni Jiji na Moshi ni Manispaa, kila moja ina afisa utamaduni wake. Barua ya afisa wa Arusha haiwasaidii kwa wa Moshi. Kikundi kiwe kimesajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na mkumbuke kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inagusa jukwaa pia, si sinema peke yake. Nendeni mapema mkiwa na mswada na muhtasari wa ukurasa mmoja.

Ukumbi uangalieni kabla ya kulipa. Kama paa ni la bati tupu na ni msimu wa masika, Machi hadi Mei, mvua ikianza hakuna sauti itakayosikika hata mstari wa tatu. Kubalianeni mapema nani atatoa ishara ya kusimamisha onyesho na ni tukio gani mtalirudia, na mpeni mama wa chai taarifa, ili watazamaji wakisubiri mvua ikatike awe na birika moto na maandazi.