Kitenzi "get" na mazoea ya kukitafsiri kwa "kupata"

Katika madarasa ya jioni ya Kiingereza ninayowafundisha watu wazima, hakuna kitenzi ninachokisahihisha mara nyingi kama "get". Wengi wanaokuja darasani walikariri zamani kwamba maana yake ni kupata, na kila wanapotaka kusema kupata huitumia bila kusita. Ninachowashauri ni kuacha kuuliza "get" maana yake nini na badala yake kuangalia neno linaloifuata, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua maana.

Ikifuatwa na nomino, mara nyingi kupata kunafaa: "She got a job" ni alipata kazi. Hata hivyo, "Get me some water" ni niletee maji, na "We got home" ni tulifika nyumbani. Shida kubwa iko upande wa pili, yaani tunapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sisi hupata ajali, hupata mtoto na hupata chakula cha mchana, lakini Mwingereza kote huko hutumia "have": "I had an accident", "They had a baby", "We had lunch". Sentensi "I got an accident" nimeikuta kwenye daftari za watu wenye shahada na uzoefu mrefu wa kazi, kwa sababu Kiswahili chake ni sahihi kabisa na sikio haliwashtui. Magonjwa, kwa upande wake, hayana tatizo, kwani mtu anaweza kusema "I got malaria" na asiwe amekosea. Mimba nayo inahitaji uangalifu: husemwa "She got pregnant", kwa kivumishi, wala si "She got a pregnancy".

Mfano huo wa mwisho unatufikisha mahali ambapo "get" inaachana kabisa na kupata. Ikifuatwa na kivumishi, huonyesha mtu au kitu kikiingia katika hali mpya, na Kiswahili tayari kina kitenzi kamili kwa hali nyingi: "get tired" ni kuchoka, "get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa, "get old" ni kuzeeka, "get lost" ni kupotea. Kwa hiyo anayetafsiri asitafute neno la kusimama badala ya "get". Atafute kitenzi kimoja kinachobeba maneno yote mawili. Hapo pia ndipo inapoonekana tofauti kati ya "I am tired", yaani nimechoka, na "I am getting tired", yaani naanza kuchoka. Vivyo hivyo "It is getting dark" ni giza linaingia.

Ikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi, mara nyingi Kiswahili huhitaji kauli ya kutendwa: "get paid" ni kulipwa, "get fired" ni kufukuzwa kazi. Kwa "get married" inabidi kwanza ujue anayezungumziwa ni nani, kwa sababu Kiingereza hakitenganishi kuoa na kuolewa. Muundo unaonivutia zaidi ni ule ambao kitu hukaa katikati. "I got my phone repaired" ni nilitengenezewa simu, na "I got my phone stolen" ni niliibiwa simu. Sentensi ya kwanza inahusu jambo nililolitaka na ya pili inahusu balaa lililonikuta, lakini muundo wake ni uleule. Hata sisi tunatumia kauli ileile ya kutendewa.

Mtu akikaa katikati, maana huwa ni kushawishi: "I got him to sign" ni nilimshawishi akatia sahihi. Neno "to" lazima liwepo hapo, ilhali halitakiwi katika "I made him sign", ambayo inaelekea zaidi kwenye kulazimisha.

Kuhusu viambatanisho, yaani maneno madogo kama "on" na "off" yanayoifuata "get", sina mengi. Basi na treni huchukua "get on" na "get off", gari dogo huchukua "get in" na "get out", japokuwa kwetu kote ni kupanda na kushuka. Mengine, kama "get over" na "get along", yakariri kila moja kama neno linalojitegemea.

Ukisikia "gotten" kama umbo la tatu la "get", anayezungumza huenda ni Mmarekani. Waingereza wengi waliliacha umbo hilo, ingawa limebaki ndani ya "forgotten". Mmarekani akisema "I've got a car" ana gari. Akisema "I've gotten a car" amelipata.

Mwisho ni suala la barua rasmi, ambako neno hili hupunguzwa sana. Mwombaji kazi mmoja aliniletea sentensi hii: "I got a diploma and got a job in a bank, where I got experience." Kisarufi haina kosa, lakini inasomeka kama maongezi. Tuliibadilisha ikawa: "I obtained a diploma and joined a bank, where I gained experience." Katika ujumbe wa simu kwa rafiki yake, nilimshauri aiache "got" ilivyo, kwa kuwa "obtained" hapo ingesikika ngumu bila sababu.